Kupandisha programu ya Java kwenye Tomcat: mwongozo kwa mfumo wa mwaloni

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuandika programu yake ya wavuti kwa Java, ikakubali kwenye kompyuta yake, na sasa inatakiwa itumiwe na watu wengine saa zote, kupitia Tomcat, seva inayoendesha programu za namna hiyo. Mfano nitakaoushika ni mfumo mdogo wa mwaloni. Mitumbwi inaingia alfajiri na dagaa, karani anapima, anaingiza kilo na jina la mtumbwi kwa simu, na tajiri aliyeko mjini Mwanza anaona jumla ya siku. Tuuite `mwalo`. Mfumo wa shule Nyamagana, wa zahanati Ukerewe au wa duka la vipuri Igoma utapita njia hiyohiyo.

Kabla ya amri yoyote shika jambo moja, maana hatua zote zimejengwa juu yake: faili la WAR, yaani kifurushi kimoja chenye programu yako nzima, lisijue liko wapi. Anwani ya hifadhidata, nenosiri, saraka ya picha, saa za eneo, kiasi cha kumbukumbu, vyote hivyo ni mali ya seva na vikae kwenye seva. Ndani ya WAR ibaki programu tupu. Hapo faili ulilolijaribu kwako ndilo hilohilo litakalofanya kazi mwaloni, baiti kwa baiti, na kurudi kwenye toleo la jana kunakuwa kazi ya dakika chache. Mfumo ambao kila badiliko la nenosiri linadai programu ijengwe upya huishia kumtegemea fundi mmoja, na siku simu yake haipatikani makarani wanarudi kwenye daftari.

Toleo la Tomcat na la Java

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza siku nzima. Java EE ilipohamia Eclipse Foundation na kuitwa Jakarta EE, majina ya vifurushi yalibadilika: `javax.servlet` ikawa `jakarta.servlet`. Tomcat 9 inaelewa jina la zamani. Tomcat 10 na kuendelea inaelewa jipya tu. Ukiweka programu ya zamani yenye `@WebServlet` kwenye Tomcat 10, huenda usione kosa lolote kwenye logi: programu inapanda kwa amani, halafu kila anwani inajibu 404, kwa sababu Tomcat haijaiona servleti (darasa la Java linalojibu maombi ya wavuti) hata moja.

Tomcat 9 inahitaji Java 8 au zaidi, 10.1 inahitaji Java 11 au zaidi, na 11 inahitaji Java 17 au zaidi. Kwa programu mpya ningechagua Tomcat 10.1 juu ya Java 17. Kama umerithi programu ya zamani na huna nafasi ya kuigusa, baki na Tomcat 9, au tumia zana ya Apache iitwayo `jakartaee-migration`, ambayo hupokea WAR ya zamani na kutoa iliyobadilishwa majina.

Usibadilishe kila `javax` unayoiona, lakini. `javax.sql` na `javax.naming` ni sehemu ya Java yenyewe na hazikuhama. Utaiona `javax.sql.DataSource` hapo chini, na iko sahihi.

Kwenye `pom.xml` hakikisha `jakarta.servlet-api` ina `<scope>provided</scope>`, maana Tomcat inayo yake. Kisha jenga:

```
mvn clean package
```

Seva ikae wapi

Kama watumiaji wote wako ndani ya ofisi moja, kompyuta ya hapohapo inatosha. Mfumo wa mwaloni hauko hivyo. Karani wa Kirumba, wa Igombe na wa Nansio wote wanaingia kwa mtandao wa simu, kwa hiyo kuiweka seva ofisini kwa tajiri hakuwasaidii kitu. Umeme wa ofisi hiyo ukikatika, mialo yote inasimama. Kodi seva ya mtandaoni yenye Ubuntu na walau GB 2 za RAM. Ukilazimika kuiweka ofisini, nunua UPS, na ingia kwenye BIOS uiamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Hatua hii ya pili husahaulika sana, na ndiyo inayomtoa mtu kitandani usiku kwenda kubonyeza kitufe.

Kusakinisha

```
sudo apt update
sudo apt install openjdk-17-jdk-headless postgresql nginx
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Pakua Tomcat 10.1 (faili la `.tar.gz`) pamoja na faili lake la `.sha512` kutoka tovuti ya Apache Tomcat, ulinganishe kwa `sha512sum -c`. Kisha:

```
sudo useradd -r -U -d /opt/tomcat -s /usr/sbin/nologin tomcat
sudo mkdir /opt/tomcat
sudo tar xzf apache-tomcat-10.1.*.tar.gz -C /opt/tomcat --strip-components=1
sudo sh -c 'rm -rf /opt/tomcat/webapps/*'
sudo mkdir -p /opt/tomcat/conf/Catalina/localhost
sudo chown -R root:tomcat /opt/tomcat
sudo chmod -R g+rX /opt/tomcat
cd /opt/tomcat && sudo chown -R tomcat: logs temp work webapps
```

Amri ya `rm` inaondoa programu za mfano na ile ya usimamizi iitwayo `manager`. Wengi huipenda `manager` kwa kuwa inapandisha WAR kupitia kivinjari. Mimi naiondoa. Ni mlango wa kuingilia seva nzima unaolindwa na nenosiri moja, na SSH inafanya kazi ileile kwa usalama zaidi. Mistari ya mwisho inahakikisha Tomcat inaweza kusoma mipangilio yake bila kuweza kuibadilisha. Mtu akipenya kupitia kasoro ya programu yako, asikute mlango wa pili uko wazi.

Tomcat isiendeshwe kamwe kwa jina la `root`, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Hoja ya kwamba poti 80 inadai `root` inaisha tukifika kwenye Nginx, seva ya wavuti itakayokaa mbele ya Tomcat.

Kuifanya ijiwashe yenyewe

Andika `/etc/systemd/system/tomcat.service`:

```
[Unit]
Description=Tomcat
After=network.target postgresql.service

[Service]
User=tomcat
Group=tomcat
Environment=JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64
Environment="CATALINA_OPTS=-Xms512m -Xmx1g -Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam"
ExecStart=/opt/tomcat/bin/catalina.sh run
SuccessExitStatus=143
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

`-Xmx1g` inaweka kikomo cha kumbukumbu ya vitu vya Java. Kwenye seva ya GB 2 usizidishe hapo, kwani PostgreSQL, Nginx na Ubuntu wenyewe wanahitaji nafasi.

Saa za eneo zimewekwa mara mbili kwa makusudi, kwenye mfumo na kwenye Java. Seva nyingi za kukodi huja na saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Mzigo ukipimwa saa nane usiku, UTC inasema bado ni saa tano usiku wa jana. Jumla ya siku inagawanyika, kilo za leo zinaingia jana, na tajiri anaanza kumshuku karani asiye na kosa lolote. Weka saa sawa kabla ya kuandika rekodi ya kwanza, maana kusahihisha tarehe baadaye ni kazi ngumu.

Unaposoma logi kumbuka pia saa tunazozitamka. Karani akikupigia, "Kaka, mfumo uligoma saa kumi na moja na robo," muulize kwanza kama ni alfajiri au jioni, ndipo utafute 05:15 au 17:15.

server.xml

Fungua `/opt/tomcat/conf/server.xml`. Mabadiliko ni manne. Poti ya kuzimia izimwe, maana systemd (sehemu ya Ubuntu inayowasha na kuzima huduma) inatumia njia yake:

```
<Server port="-1" shutdown="SHUTDOWN">
```

Tomcat isikilize ndani ya seva tu:

```
<Connector port="8080" protocol="HTTP/1.1" address="127.0.0.1"
           connectionTimeout="20000" />
```

Kwenye `<Host>` zima upandishaji wa kujiendea, kisha ndani yake ongeza vali itakayosoma anwani halisi ya mtumiaji na kujua kama alikuja kwa HTTPS:

```
<Host name="localhost" appBase="webapps" unpackWARs="true" autoDeploy="false">
  <Valve className="org.apache.catalina.valves.RemoteIpValve"
         protocolHeader="X-Forwarded-Proto" />
```

`autoDeploy` ni nzuri kwenye kompyuta ya kuandikia programu. Kwenye seva ya kazi inaweza kuanza kusoma WAR ambayo bado inapakiwa nusunusu kwa mtandao wa kusuasua.

Hifadhidata na mipangilio ya mahali

```
sudo -u postgres createuser -P mwalo
sudo -u postgres createdb -O mwalo mwalo
sudo mkdir -p /srv/mwalo/matoleo /srv/mwalo/picha
sudo chown tomcat: /srv/mwalo/picha
```

Weka JAR ya kiendeshi cha PostgreSQL ndani ya `/opt/tomcat/lib`, na iwe na ruhusa ya kusomwa na Tomcat. Usiiweke ndani ya WAR, kwa kuwa anayefungua miunganisho sasa ni Tomcat. Kisha andika faili ambalo ndilo moyo wa mwongozo huu, `/opt/tomcat/conf/Catalina/localhost/ROOT.xml`:

```
<Context docBase="/srv/mwalo/matoleo/mwalo-1.0.war">
  <Parameter name="sarakaYaPicha" value="/srv/mwalo/picha" override="false"/>
  <Resource name="jdbc/mwalo" auth="Container"
            type="javax.sql.DataSource"
            driverClassName="org.postgresql.Driver"
            url="jdbc:postgresql://127.0.0.1:5432/mwalo"
            username="mwalo" password="WEKA_HAPA"
            maxTotal="20" maxIdle="5" maxWaitMillis="10000"
            validationQuery="SELECT 1" testOnBorrow="true"/>
</Context>
```

Jina la faili ndilo linaloamua anwani. `ROOT.xml`, kwa herufi kubwa, maana yake ni mzizi wa tovuti. Ukiliita `mwalo.xml`, programu itakaa kwenye `/mwalo`. Kwa kuwa lina nenosiri, lifunge:

```
sudo chown root:tomcat /opt/tomcat/conf/Catalina/localhost/ROOT.xml
sudo chmod 640 /opt/tomcat/conf/Catalina/localhost/ROOT.xml
```

Kwenye programu, muunganisho unaombwa kwa jina tu:

```
DataSource ds = (DataSource) new InitialContext()
        .lookup("java:comp/env/jdbc/mwalo");
```

Saraka ya picha unaipata kwa `getServletContext().getInitParameter("sarakaYaPicha")`. Hili la picha nalisisitiza. Ukihifadhi picha za mizani ndani ya saraka ya programu iliyofunguliwa chini ya `webapps`, siku ukipandisha toleo jipya saraka hiyo inafutwa na picha zote zinakwenda nayo. Vitu vya watu vikae `/srv`.

Kwenye kompyuta yako tengeneza `ROOT.xml` nyingine yenye hifadhidata yako ya majaribio. WAR haibadiliki.

Nginx mbele, Tomcat nyuma

Faili la `/etc/nginx/sites-available/mwalo` (badala ya `mwalo.example` weka kikoa chako):

```
server {
    listen 80;
    server_name mwalo.example;
    client_max_body_size 10m;
    gzip_types application/json application/javascript text/javascript text/css;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

```
sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/mwalo /etc/nginx/sites-enabled/
sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx
sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 'Nginx Full'
sudo ufw enable
sudo certbot --nginx -d mwalo.example
```

Usiwashe `ufw` kabla ya kuruhusu OpenSSH, la sivyo utajifungia nje ya seva yako mwenyewe. Poti 8080 haiko kwenye orodha, na ndivyo inavyotakiwa. Certbot hushughulikia cheti cha HTTPS na kukihuisha yenyewe.

Mistari miwili humo ina uzito kwa watu wa ziwani. Bila `client_max_body_size` Nginx hukataa chochote kinachozidi MB 1, na picha ya simu ya leo inapita hapo kwa urahisi. Karani ataona kosa 413 asijue la kufanya. Nao `gzip_types`: Nginx ya Ubuntu huja na `gzip` ikiwa imewashwa, lakini kwa kurasa za HTML peke yake. Orodha za JSON na mafaili ya JavaScript yanakwenda bila kubanwa, yakila bando la mtu anayelinunua kwa siku. Mstari mmoja unapunguza mzigo huo kwa sehemu kubwa, na kwenye kisiwa chenye mtandao hafifu tofauti inaonekana kwa macho.

Kupandisha, na kurudi nyuma

Mara ya kwanza, peleka WAR kwa `scp`, ihamishie kwenye `/srv/mwalo/matoleo`, kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now tomcat
journalctl -u tomcat -f
```

Subiri mstari unaosema `Server startup in`, ukisoma na yaliyo juu yake. Neno `SEVERE` likitokea kabla yake, usiseme imepanda.

Toleo jipya linapofika, liweke pembeni ya lile la zamani bila kulifuta, kwa mfano `mwalo-1.1.war`. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza:

```
sudo -u postgres pg_dump -Fc mwalo > ~/mwalo-$(date +%F).dump
```

Ihamishe nakala hiyo nje ya seva, maana nakala iliyolala kwenye diski ileile hufa na diski. Kisha:

```
sudo systemctl stop tomcat
sudo sed -i 's/mwalo-1.0.war/mwalo-1.1.war/' \
    /opt/tomcat/conf/Catalina/localhost/ROOT.xml
sudo rm -rf /opt/tomcat/webapps/ROOT /opt/tomcat/work/Catalina/localhost/ROOT
sudo systemctl start tomcat
```

Kurudi nyuma ni amri zizo hizo, namba mbili zikibadilishana nafasi. Kuna sharti moja: hifadhidata hairudi pamoja na WAR. Toleo la 1.1 likifuta safu ambayo la 1.0 inaitegemea, huna pa kurudi. Kwa hiyo toleo jipya liongeze safu tu, zisizo za lazima. Kufuta zile za zamani kusubiri toleo linalofuata, ukishajua kwamba hutarudi.

Chagua na wakati. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa mitumbwi mingi ya dagaa hupumzika. Siku hizo ndizo za kupandisha mabadiliko makubwa. Wakati wa giza gusa mfumo kwa dharura tu, na hata hiyo isiwe kati ya saa tisa usiku na saa nne asubuhi, mizani ikiwa kazini. Mwambie karani mkuu kabla, kwa ujumbe wa kawaida: "Shikamoo mama. Leo saa nane mchana mfumo utazimwa kwa dakika chache. Nitakujulisha ukirudi." Kisha kweli mjulishe.

Ikigoma

Tofautisha kwanza nani anayelalamika. Kosa 502 linatoka Nginx: Tomcat imezimika au bado inaamka. Angalia `systemctl status tomcat`. Kosa 404 lenye mwonekano wa Tomcat maana yake seva iko hai lakini programu haikupanda, au ni lile suala la `javax`. Kosa 500 ni la programu yako, na sababu iko kwenye logi. Maelezo ya makosa yaliyotokea ndani ya servleti hukaa kwenye `/opt/tomcat/logs/localhost.` ikifuatiwa na tarehe, faili ambalo wengi hawalifungui kabisa.

`UnsupportedClassVersionError` inasema umejenga kwa Java mpya kuliko iliyoko kwenye seva. Namba zake ni hizi: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21.

`Cannot create JDBC driver of class '' for connect URL 'null'` inatisha, lakini kwa kawaida ni jina tu: kilichoandikwa kwenye `resource-ref` ya `web.xml` na kilichoandikwa kwenye `Resource` havilingani, au `ROOT.xml` haikusomwa.

Tomcat ikifa bila neno lolote kwenye logi zake, angalia kama kerneli ndiyo iliyoiua kwa upungufu wa RAM:

```
sudo dmesg | grep -i oom
```

Ukiona hivyo, punguza `-Xmx` au ongeza RAM. Lakini `OutOfMemoryError: Java heap space` ni kinyume chake: kikomo ulichoweka ni kidogo, au programu inashikilia vitu isivyovihitaji, kwa mfano kusoma rekodi za mwaka mzima kwa mkupuo ili kuonyesha jumla ya siku moja. Jumla iachie PostgreSQL ifanye kwa `SUM`.

La mwisho ni lile linalojitokeza baada ya wiki nzuri: mfumo unazidi kuwa mzito, halafu kila ombi linasubiri sekunde 10 na kufa, na logi inataja `Timeout waiting for idle object`. Miunganisho yote 20 imechukuliwa na haikurudishwa. Usikimbilie kuongeza `maxTotal`, maana utaahirisha tu. Ongeza hivi kwenye `Resource`:

```
removeAbandonedOnBorrow="true" removeAbandonedTimeout="60" logAbandoned="true"
```

Miunganisho ikikaribia kwisha, Tomcat itainyang'anya ile iliyoachwa bila kutumika kwa zaidi ya sekunde 60, na itaandika kwenye logi darasa na mstari ulioifungua. Nenda kwenye mstari huo, ufunge `Connection` ndani ya `try (...)` ili ijirudishe yenyewe hata kosa likitokea katikati, kisha jenga toleo jipya na upandishe kwa hatua zilezile.